Kilima cha Barafu na Mlima wa Shangazi

Inuvik, Kanada
28 Juni 2009

Shangazi yangu Astérie,

Shikamoo. Na huyo mume wako, Mzee Nikodemu, mpe shikamoo yangu, umwambie mihogo yake ya Kidahwe bado naiota. Mama yuko Edmonton salama. Mgongo umepoa, anaimba kwaya ya Warundi na kugombana na mwalimu wa kwaya, kwa hiyo ujue amepona. Mimi bado niko huku juu kaskazini, jikoni kwenye ile hoteli. Mwezi huu wote jua halijazama. Linazunguka tu angani kama mgeni asiyetaka kuaga, nami nimetundika blanketi dirishani ili nipate usingizi.

Nina mambo mawili, moja la furaha na moja la kukuuliza. Naanza na la furaha kwa sababu siwezi kulizuia.

Ninakwenda kuona vilima vya barafu. Kuna kijiji pwani kabisa ya bahari ya kaskazini, kinaitwa Tuktoyaktuk. Nchi ya huko ni tambarare, hakuna mti hata wa kufungia mbuzi, halafu unakuta vilima vya mviringo vimechomoza vyenyewe. Ndani yake si mwamba wala udongo. Ni barafu tupu, imejificha chini ya majani. Pamehifadhiwa kisheria, kama Gombe inavyohifadhiwa kwa ajili ya sokwe, na wenyeji ndio wanaosaidia kupalinda. Mpishi mwenzangu ni mzaliwa wa huko na mama yake mdogo ana boti. Tutakwenda mwezi ujao sisi watatu: mpishi, mimi na Bonfils.

Bonfils ndiye jambo la pili. Ni mtoto wa Warundi kama sisi, amekulia kambini Mtabila, huku anaendesha lori la mizigo. Anataka kunioa, nami nataka kuolewa naye, nisikufiche. Baba yake mdogo, Mzee Manariyo, ndiye atakayemsemea. Alinipigia simu, akanisalimia vizuri, akajitambulisha kuwa wao ni watu wa Vugizo, kule Burundi. Akauliza baba yangu ni nani. Nikasema marehemu Anatoli. Babu? Nikasema Calixte. Kisha akauliza: mlima gani?

Hapo ndipo penye shida, Shangazi. Wewe unajua kwamba Mrundi akikuuliza mlima ameuliza kila kitu: ukoo, majirani, na kama ninyi ni ndugu msiofaa kuoana. Nilimwambia nitamuuliza shangazi yangu. Akasema sawa, anasubiri, ila sauti ilikuwa imebadilika. Mama hakuwahi kuambiwa, na Baba mwenyewe alitoka Burundi akiwa mtoto mgongoni kwako. Aliyebaki kulijua jina la mlima wetu ni wewe. Niandikie basi. Simu najua huipendi.

Mtoto wako,
Aurore


Inuvik
19 Julai 2009

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Pengine barua ya kwanza hata haijafika Kigoma, lakini nikisubiri jibu nitaugua. Mama hajambo, kwaya imepata mwalimu mpya. Vilima nimeviona.

Tulikwenda kwa kindege kidogo ambacho Bonfils alishika kiti chake kwa mikono miwili safari nzima, utadhani yeye ndiye aliyekibeba. Mama mdogo wa mpishi alitupokea kwa buti za mpira na bunduki begani. Ya dubu, akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini amebeba mwavuli. Tukapanda boti yake ya bati. Maji ni ya kijivu, na baridi yake inauma meno hata ukiyatazama tu.

Halafu nikaviona, kwanza kimoja kwa mbali, kisha viwili, kisha vingine nyuma yake. Kikubwa kinaitwa Ibyuk. Shangazi, sijui nianzie wapi. Fikiria umetandaza jamvi kubwa la kijani mpaka mwisho wa macho, na chini ya jamvi mtu ameficha chungu. Nilitaka kuteremka kabla boti haijafungwa, nikatia mguu majini, nikashinda siku nzima na soksi iliyolowa, wala sikujali.

Yule mama alitueleza jinsi vinavyotokea. Zamani palikuwa na ziwa dogo, likakauka. Ardhi ya chini ikaanza kuganda kutoka kila upande, na maji yaliyobaki katikati yakakosa pa kwenda. Yakaganda nayo, yakavimba, yakaisukuma ardhi juu. Ibyuk bado inakua, kila mwaka kidogo, chini ya unene wa kidole. Niliweka mkono kwenye majani ya pembeni yake na nikawa nangoja nisikie kitu. Bonfils akaniuliza kama naipima homa.

Kupanda juu yake hawataki, maana miguu ya watu inachubua majani, na majani ndiyo blanketi lake. Alituonyesha kingine kilichokwisha kufa. Kilipasuka kileleni, jua likapata njia, barafu ikayeyuka, kilima kikazama katikati na sasa ni dimbwi lenye bata. Nilihuzunika kama nimepelekwa msibani kwa mtu nisiyemjua.

Mbu ni wengi ajabu. Wale wa Ujiji ni wastaarabu, wanangoja giza. Hawa wanakuja jua likiwaka na wanaingia mpaka puani.

Kijijini wametuonyesha ghala lao la chini ya ardhi. Unashuka kwa ngazi kwenye shimo, ukifika chini kuta zote ni barafu inayong'aa, na samaki wa mwaka jana wamelala humo wagumu kama kuni, hawanuki. Hakuna umeme wala mashine. Niliwakumbuka wanawake wa Kibirizi wanavyokimbizana na jua dagaa wakiwa bado kwenye nyavu, wasije wakaoza.

Nikaja kufanya jambo la Kirundi kabisa. Tukiwa tunakunywa chai ufukweni nilimuuliza yule mama, bila kufikiri: wewe ni wa mlima gani? Hakushangaa. Akanyoosha kidole kwenye kimoja cha vile vilima. Akasema baba yake alipokuwa baharini kuwinda nyangumi, ukungu ukiondoka alikitafuta kile kwanza, akikiona anajua nyumbani ni upande gani. Kila kimoja wana namna ya kukiita.

Akaniuliza: na wewe?

Nikasema Kigoma. Akauliza kama Kigoma ni kilima. Nikasema ni mji. Akanitazama, akangoja niendelee. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona aibu.

Nasubiri barua yako kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Aurore


Katubuka, Kigoma
30 Agosti 2009

Mwanangu Aurore,

Marahaba, na marahaba tena. Barua zako zimefika zote mbili siku moja, sanduku la posta likawa limefura. Huku tu wazima. Kiangazi kimekausha kila kitu, ziwa limetulia, dagaa wanapatikana. Nikodemu anakusalimu. Mguu wake unamsumbua anapotaka kwenda kazini, akialikwa kwenye ubatizo unapona.

Hiyo ya vilima nimeisoma mwenyewe, kisha nikawasomea wanawake wenzangu sokoni, kisha nikalazimishwa kurudia kwa waliochelewa. Tuna maswali. Bata wanafanya nini kwenye baridi hiyo? Hao wenyeji wanalima nini, na kama hawalimi, mabinti wao wanapimwaje kama ni wavivu? Je, hicho kilima ukikitoboa pembeni, maji yanatoka au barafu? Mmoja hapa anabisha kabisa, anasema umepelekwa Ulaya ukajifunza uongo. Nilimwambia Kanada si Ulaya. Akasema unaona, uongo wenyewe ndio huo.

Balaa umelileta kwa Nikodemu. Aliposikia habari ya ghala la chini alinitaka nimsomee tena na tena. Kesho yake akabeba jembe akaenda shamba Kidahwe, akachimba shimo refu kumzidi yeye, akashusha humo samaki, migebuka mizuri niliyokuwa nimemnunulia dada yake. Akafunika kwa majani, akasema tungoje. Tulingoja. Tulipofungua, mbwa wote wa Kidahwe walikuja kutusalimia, na mzee wangu akaniambia: “Mwandikie huyo mtoto, atwambie wao wanachimba upande gani.” Mwandishi wa maneno hayo ni mimi, lakini msemaji ni yeye.

Huyo Bonfils anaonekana mwoga wa ndege, na mwanamume anayekubali uone kwamba anaogopa si mbaya. Anasali? Anakunywa? Akikasirika anafanya nini? Niandikie ukweli.

Hilo la mlima, mwambie huyo mzee wewe ni wa Kigoma. Umezaliwa kambini Kasulu, umekua kwangu Katubuka, umebatizwa hapa. Inatosha.

Vaa soksi kavu.

Shangazi yako,
Astérie


Inuvik
11 Oktoba 2009

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mzee Nikodemu umepata ubatizo mwingine. Tumecheka sana, hata mpishi nimemtafsiria, naye amempigia simu mama yake mdogo. Jibu ni kwamba hawachagui upande. Kwao ardhi ya chini haijawahi kuyeyuka tangu dunia iumbwe. Mpe pole kwa migebuka.

Huku theluji imeshaanguka. Mama anakusalimu.

Bonfils anasali. Hanywi ila kwenye harusi. Akikasirika anaosha lori.

Shangazi, “Kigoma” nilimjibu Mzee Manariyo kama ulivyosema. Alicheka, si vizuri. Akamwambia Bonfils kwamba Mrundi asiyetaja mlima wake ni mtu aliyefukuzwa mlimani, na watu hawafukuzwi bure. Ni kwa wizi au kwa sumu. Alisema hivyo kuhusu babu yangu, na mimi sikuwa na neno la kumtetea kwa sababu wewe hukunipa.

Bonfils anasema yeye hajali. Lakini nimemwona anavyokata simu ya baba yake mdogo. Amelelewa na mzee huyo tangu wazazi wake wafe, hawezi kuoa akimpa mgongo, na mimi sitaki mume aliyefanya hivyo kwa ajili yangu. Nitampoteza. Nakuandikia wazi ili usije ukasema hukujua.

Unaogopa nini? Au wamesema kweli?

Aurore


Katubuka
6 Desemba 2009

Aurore,

Mvua zimeanza. Tu wazima.

Hatukufukuzwa kwa wizi wala kwa sumu. Baba yangu alikuwa mtu aliyeitwa kuamua ugomvi wa wengine. Mwambie huyo mzee hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema.

Zaidi ya hapo niache. Wewe mwenyewe uliniandikia: kilima kikipasuka juu, jua linaingia, cha ndani kinayeyuka, kinazama na kuwa dimbwi. Nimeyasoma hayo mara nyingi kuliko unavyodhani, na sokoni sikuyasoma kwa sauti. Mimi nimesimama hivi tangu nikiwa msichana. Nimekulea wewe, nimemzika baba yako, nimejenga nyumba na Mha asiyejua hata salamu za kwetu, na bado nimesimama. Msinichokonoe.

Shangazi yako.


Inuvik
17 Januari 2010

Shangazi yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mzee Nikodemu. Jua lilikuwa limetuacha kabisa tangu mwanzo wa Desemba, na sasa limerudi. Mji mzima ulitoka nje kulishangilia, wakawasha moto mkubwa na fataki. Lilichungulia kidogo tu, likashuka. Nililia mbele za watu na wala sikuwa peke yangu.

Nisamehe kwa swali la mwisho la barua ile. Lilitoka kwa hasira. Najua babu hakuwa mwizi.

Mzee Manariyo amesema ikifika Pasaka bila jibu atamtafutia Bonfils msichana mwingine, watu ambao mlima wao unajulikana. Nimeamua nitalipokea litakalokuja. Sitakuuliza tena.

Ila kuhusu Ibyuk nilikuandikia nusu, ngoja nisahihishe. Nilizitazama picha upya, na nimemuuliza mpishi. Kile kilichozama ni kimoja kati ya vingi. Ibyuk yenyewe ina nyufa kileleni, za siku nyingi, zinaonekana hata kwa mbali. Na bado inakua. Nimeweka picha moja humu ndani uone.

Nakupenda, uniambie au usiniambie.

Aurore


Kirambi ya Juu, tarafa ya Nyanza-Lac, Burundi
21 Machi 2010

Mwanangu Aurore,

Umeona nilichoandika hapo juu. Soma tena, taratibu. Ndiyo.

Marahaba mwanangu. Niko nimekaa juu ya jiwe, barua iko mapajani, na chini yangu naliona ziwa lote. Nikodemu yuko hapa. Amekula vizuri, amelala mchana, anatafuta mtu wa kubishana naye kuhusu mihogo na hawaelewani, Kiha chake na Kirundi chao vinapishana kidogo tu lakini yeye anaongeza sauti. Asubuhi anawaamkia kwa Kiha “Mwakeye”, nao wanamjibu kwa Kirundi “Mwaramutse”, wanacheka wote.

Picha yako niliiweka ukutani karibu na kalenda. Niliitazama wiki nzima nikisonga ugali. Siku moja nikamwambia Nikodemu: nataka kwenda kwetu. Hakuuliza kwetu wapi. Miaka yote hii hajaniuliza. Akaenda kutafuta viatu.

Tulipanda boti Kibirizi. Huyu mume wangu ni mtu wa jembe, maji anayapenda yakiwa kwenye ndoo. Alikumbatia gunia la mtu mpaka Kagunga, na mwenye gunia akamwachia kwa huruma. Mimi nilikaa mbele. Tulipita Gombe, tukapita vijiji, na nikawa nachungulia kila mlima kama mwizi anayetafuta dirisha. Kabla ya Kagunga mawingu yakainuka kaskazini nikauona mlima wetu. Una bega moja lililoinama upande wa ziwa, na michikichi imepanda mpaka nusu yake. Nilipiga kelele, Aurore. Mimi, mtu mzima. Boti nzima ikadhani tunazama.

Nimefika hapa, nimepanda kwa miguu yangu. Mahali pa nyumba yetu pana nyumba ya watu wengine, na shamba wanalima wao. Sikuja kugombania. Walinipa kiti, wakanipa maharage. Akaitwa bibi mmoja kutoka ng'ambo ya kijito, hasikii vizuri wala haoni vizuri. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akasema: “Huyu ni wa Calixte, hili ni paji la Calixte.” Kisha akaanza kutaja watu wetu mmoja mmoja kama anayeita kuku. Baadhi ya majina nilikuwa nimeyasahau. Nimeandika yote, nitakuletea, maana kwenye harusi yako nina haja ya kuwepo, na huyo mzee wa Vugizo atafute namna ya kunileta.

Nimemuuliza huyo bibi kuhusu watu wa Manariyo. Anawafahamu kwa kusikia. Si ndugu zetu, hatujawahi kuwa na neno nao, mnaweza kuoana. Barua hii itachelewa na Pasaka iko karibu, kwa hiyo kesho nateremka Nyanza-Lac nikampigie simu mimi mwenyewe. Umesoma vizuri, simu. Nitamwambia kwamba Aurore ni binti wa Anatoli, mwana wa Calixte, wa Kirambi ya Juu, na kwamba anayetaka kuulizia habari za Calixte aje hapa aulize, watu wanaomjua bado wapo. Halafu nitamwambia neno langu kuhusu habari ya sumu. Hilo nitalisema kwa adabu.

Sasa nikueleze, maana uliniuliza naogopa nini na sikukujibu.

Mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanauawa, tulikimbia kwenda Kagunga kwa njia ya chini. Baba alitangulia, mimi nyuma yake, na Anatoli mgongoni. Njiani tukakuta watu wenye bunduki. Hawakumpiga mtu. Waliuliza kila mmoja kwa upole: mlima gani? Baba hakujua kusema uongo. Akasema Kirambi ya Juu. Wakamwambia asogee pembeni. Mimi walinipungia mkono nipite, nikapita. Anatoli alikuwa analia sikioni kwangu kwa hiyo sikusikia kilichofuata. Nilitembea na sikugeuka, maana tulipoondoka nyumbani mama alikuwa ameniambia nisigeuke.

Tangu siku ile jina hilo halikutoka mdomoni mwangu. Kambini, kanisani, hata kwa Nikodemu. Kichwani mwangu nilijua nikilitaja mtu atachukuliwa. Ni ujinga, najua, lakini nimekaa nao tangu utotoni.

Juzi pale mpakani kijana wa sare alichukua karatasi zetu. Nikodemu alikuwa amesimama mbele yangu, vilevile kama baba alivyosimama. Kijana akatazama karatasi, akanitazama, akaniuliza: “Mama, mnakwenda mlima gani?”

Nilimshika Nikodemu shati kwa nyuma, nikalikunja ndani ya ngumi. Nikasema: “Kirambi ya Juu.” Nilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, watu wa foleni wakageuka.

Kijana akagonga muhuri. Akasema njia ya juu ina matope, tupite ya mtoni. Akamwita aliyefuata.

Nilitangulia mimi. Nilitembea mpaka kwenye michikichi, na pale nikafanya ambalo sikulifanya nikiwa msichana. Niligeuka. Nikodemu alikuwepo. Alikuwa anakuja nyuma yangu, mzigo begani, analalamika kuhusu matope.

Shangazi yako,
Astérie wa Calixte